Mtazame Mtoto Kwanza, Vipele Baadaye

Mtoto alilala mzima, akaamka ana vipele usoni, kifuani na mgongoni. Bibi yake anasema ni surua. Jirani anasema ni aleji ya mayai aliyokula jana. Muuzaji wa duka la dawa anatoa tyubu ya krimu na kuagiza ipakwe asubuhi na jioni. Kila mtu ameikazia macho ngozi, na kila mtu ana jina lake la ugonjwa. Katika pilikapilika hizo ni rahisi sana kusahau kumtazama mtoto mwenyewe: ananyonya? Anapumua vipi? Akiitwa anaitika?

Vipele vya ghafla vina sababu nyingi mno, na hata daktari bingwa wa ngozi wakati mwingine huomba siku mbili tatu kabla ya kutamka jina la ugonjwa. Mzazi hana haja ya kumshinda bingwa huyo. Anachohitaji ni kuweza kuamua jambo moja: mtoto huyu anaweza kuangaliwa nyumbani, au apelekwe kituo cha afya sasa hivi? Uamuzi huo unaweza kufanywa na mama, baba, bibi au dada wa kazi, na mara nyingi haudai kujua ugonjwa unaitwaje. Unadai kutazama mambo kwa mpangilio, na mpangilio huo huanza na mtoto, kisha ndiyo ngozi yake.

Dalili zisizongoja asubuhi

Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kuwahudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Mwongozo huo humtaka mhudumu wa zahanati aanze na mambo manne kabla ya kugusa tatizo lililomleta mtoto. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Amelegea sana au amepoteza fahamu? Jibu baya kwa swali moja tu hutosha kumweka mtoto huyo katika kundi la wagonjwa mahututi, awe na vipele au asiwe navyo. Mzazi anaweza kujiuliza maswali hayohayo akiwa nyumbani, na akapata nusu ya jibu analolitafuta.

Nusu ya pili inatokana na vipele vyenyewe. Ziko hali nne ambazo hazivumilii kusubiri.

Ya kwanza ni madoa yasiyofifia yakibonyezwa. Vipele vingi hutokana na mishipa midogo ya damu iliyopanuka, kwa hiyo ukivibonyeza damu inasogea na rangi inapotea kwa muda. Madoa yanayobaki vilevile yana maana nyingine: damu imekwisha kuvuja nje ya mishipa. Chukua bilauri ya kioo, ikandamize ubavu wake juu ya doa na utazame kupitia kioo hicho. Doa likibaki na rangi yake ya zambarau au nyeusi, na mtoto ana homa, huenda bakteria wa homa ya uti wa mgongo wamekwisha kuingia kwenye damu. Ugonjwa huo unaweza kuua ndani ya saa chache, na dawa za kuutibu zipo hospitalini. Usiku wa manane haupaswi kuwa sababu ya kukawia.

Ya pili ni mzio mkali. Mtoto ametokwa na mabaka yaliyovimba baada ya kula chakula fulani, kumeza dawa au kuumwa na nyuki, kisha midomo au ulimi unavimba, sauti inakauka, anakohoa au kupumua kwa mluzi, anatapika mfululizo, analegea. Dawa inayookoa hapo ni sindano ya adrenalini. Maziwa, mkaa na vidonge vya mzio haviwezi kufanya kazi hiyo kwa wakati.

Ya tatu ni ngozi inayouma, inayotoka malengelenge na kuchubuka, huku vidonda vikitokea mdomoni, machoni au sehemu za siri. Hali hii huweza kuletwa na dawa, zikiwemo dawa za salfa kama kotrimoksazoli na baadhi ya dawa za kifafa. Dawa hiyo isimamishwe mara moja, na pakiti yake ifuatane na mtoto hospitalini.

Ya nne ni umri. Mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye vipele pamoja na homa, au mwenye vipele vyenye usaha, hafai kutibiwa kwa kubahatisha. Mwili wake hauna nguvu ya kuzuia maambukizi ya ngozi yasifike kwenye damu, na mtoto mchanga anaweza kuzidiwa bila hata kupata joto kali.

Wekundu usioonekana

Vitabu na vipeperushi vingi husema vipele fulani ni "vyekundu". Mzazi wa Kiafrika anamtazama mwanawe, haoni wekundu, anajipa moyo kwamba si ugonjwa ule. Kosa hilo si lake. Elimu ya magonjwa ya ngozi imefundishwa kwa muda mrefu kwa picha za ngozi nyeupe, na hata waganga wetu wamesoma kwa picha hizo. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha mwongozo kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu alichokuwa akifundishwa darasani hakikuonyesha watu wa rangi yake. Kwetu Afrika Mashariki kazi ya kuwafundisha wahudumu kuisoma ngozi ya watu wetu ilianza mapema zaidi: mwaka 1992 kilifunguliwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimewapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kwenye ngozi nyeusi, vipele vya surua vinaweza kuonekana kama weusi uliozidi, rangi ya zambarau, au visionekane kabisa ila vikiguswa. Kwa hiyo mtazame mtoto kwenye mwanga wa jua, karibu na dirisha, maana taa ya chumbani hudanganya. Pitisha kiganja polepole usoni na kifuani. Mkono utahisi ukwaruzo ambao jicho limeukosa. Unapotafuta madoa ya damu, angalia mahali rangi ya ngozi ilipo hafifu: viganja, nyayo, ndani ya kope za chini na paa la kinywa. Piga picha kwa simu saa ileile vipele vinapotokea, kisha nyingine baada ya saa kadhaa. Vipele vingi hubadilika kabla mtoto hajafika kwa daktari, na picha hizo zitamsaidia kuliko maelezo marefu.

Vipele vinavyokuja na homa

Baada ya hapo swali linalogawa mambo ni homa. Vipele vikifuatana na homa, kwa kawaida chanzo kiko mwilini mzima na ngozi inatoa taarifa tu. Na kwa kuwa tunaishi kwenye nchi za malaria, kila mtoto mwenye homa apimwe malaria hata kama vipele vinaashiria ugonjwa mwingine. Magonjwa mawili yanaweza kumkuta mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

Ugonjwa wa kuufikiria kwanza ni surua. Huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, makamasi, macho mekundu yanayotoa machozi na kuogopa mwanga. Siku mbili hadi nne baadaye vipele huanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, hushuka shingoni na kifuani, na kwa muda wa siku tatu hivi hufika miguuni. Mpangilio huu wa kushuka kutoka kichwani kwenda chini, pamoja na kikohozi na macho mekundu, ndio alama kubwa ya surua. Vikipona, ngozi hubaki na weusi na kuambuka ngozi nyepesi.

Surua huambukiza kwa njia ya hewa, na huambukiza kuliko karibu maradhi yote tunayoyajua. Wakikaa watu kumi wasio na kinga karibu na mgonjwa, tisa wataambukizwa. Mtoto huanza kuambukiza wengine siku nne kabla ya vipele kutokea, huendelea hadi siku nne baada ya hapo. Ndiyo maana mzazi anayeshuku surua anapofika zahanati amweleze nesi mapema, kabla ya kuketi kwenye benchi pamoja na wajawazito na watoto wachanga.

Zipo familia zinazoamini kwamba surua lazima "itoke nje", na kwamba sindano au dawa ya hospitali itairudisha ndani na kumuua mtoto. Imani hiyo imeponza wengi, kwa sababu vifo vya surua havitokani na vipele. Vinatokana na nimonia, kuharisha kwa kupungukiwa maji, na uvimbe wa ubongo, na mambo hayo hujitokeza wakati familia inahesabu siku ikisubiri vipele viishe. Aidha, ugonjwa huu huivuruga kinga ya mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba surua inaweza kufuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili ambazo mtoto alikuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto aliyepona surua mwezi uliopita anaweza kuugua vibaya mwezi huu kwa ugonjwa ambao mwili wake ulikwisha kuujua.

Lipo jambo moja kuhusu tiba ya surua ambalo Watanzania wanapaswa kulijua, kwa sababu sehemu ya ushahidi wake ilipatikana kwao. Katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, madaktari walikuwa wakiwaona watoto waliopofuka baada ya kuugua surua. Waliwagawa kwa kura watoto 180 waliolazwa kwa ugonjwa huo: kundi moja lilipata matibabu ya kawaida, jingine likaongezewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1987 na Barclay, Foster na Sommer, yalionyesha kwamba katika watoto 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, na katika 92 wasiopewa walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Tafiti za nchi nyingine zilifuata, na leo kila mtoto mwenye surua anatakiwa kupata vitamini A siku ya kwanza na ya pili: vizio 50,000 akiwa chini ya miezi 6, vizio 100,000 akiwa na miezi 6 hadi 11, na 200,000 akiwa na mwaka mmoja na kuendelea. Dawa hii ni ya bei nafuu na hutolewa kituoni. Mzazi aiulizie, na asiitoe mwenyewe nyumbani kwa kukisia, maana vitamini A ikizidi ni sumu.

Tetekuwanga ni rahisi zaidi kuitambua. Vipele vyake huwasha, hugeuka malengelenge madogo yenye maji, kisha hukauka na kuwa magaga. Kinachoitofautisha ni kwamba utaona hatua zote kwa wakati mmoja kwenye eneo lilelile: kipele kipya, lengelenge na gaga, vikiwa vimeanzia kifuani, mgongoni na kichwani. Mtoto huambukiza hadi vyote vikauke, kwa hiyo abaki nyumbani asiende shule wala madrasa. Kwa mtoto mwenye afya huisha yenyewe. Asipewe kabisa aspirini, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, na ibuprofeni nayo iepukwe kwa kuwa imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi kwa watoto wenye tetekuwanga. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akae mbali na mtoto huyo na amwone daktari kama wamekwisha kukaa pamoja.

Tangu mwaka 2024 hatuwezi kuzungumzia malengelenge bila kuitaja mpox. Ugonjwa huo ulienea kutoka Kongo hadi Burundi, Rwanda na Uganda, ukathibitishwa Kenya mwishoni mwa Julai 2024 kwa msafiri aliyepimwa mpakani Taveta, na Tanzania ikatangaza wagonjwa wake Machi 2025. Kongo, watoto wamekuwa sehemu kubwa ya wagonjwa na ya waliokufa. Vipele vyake huwa vigumu, vya kina, mara nyingi vina shimo dogo katikati. Vilivyo eneo moja hukua kwa hatua moja. Hutokea hata viganjani na kwenye nyayo. Na tezi za shingoni, kwapani au kinenani huvimba. Wazee waliochanjwa ndui wana kiasi fulani cha kinga dhidi ya mpox kwa sababu virusi hivyo viwili ni ndugu. Chanjo ya ndui ilikomeshwa baada ya ugonjwa huo kutokomezwa, mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida akiwa alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Watoto wetu hawana kinga hiyo. Ukishuku mpox, mtenge mtoto, usitumie pamoja naye taulo wala matandiko, na utoe taarifa kituo cha afya.

Ipo pia hali inayowatisha wazazi ingawa huwa habari njema. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 anashikwa na homa kali kwa siku tatu hadi tano, bila sababu inayoonekana. Homa inakatika ghafla, na siku hiyohiyo anatokwa na vipele vidogo kifuani na shingoni. Wazazi hudhani ugonjwa ndio unaanza, kumbe unaaga. Hii ni rozeola, inayosababishwa na virusi, na vipele vyake huisha kwa siku chache bila dawa. Kinyume chake ni homa ya dengi, ambayo imewahi kulipuka Dar es Salaam na Mombasa: homa ikishuka ndipo kipindi cha hatari kinapoanza. Mtoto akipata maumivu makali ya tumbo, akitapika mfululizo au akitokwa na damu puani au kwenye fizi wakati homa inashuka, apelekwe hospitali haraka. Tazama tena hapo ni nini kinachoamua. Mtoto wa rozeola, homa ikikatika, anaomba chakula na kucheza. Mtoto wa dengi aliyezidiwa analegea. Vipele peke yake visingekuambia hayo.

Vipele visivyo na homa

Hapa tunaingia kwenye kundi kubwa zaidi, na hatari hupungua. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, majira ya kaskazi yakifika na joto kupanda, harara huwapata watoto wengi. Mirija ya jasho huziba, vinatokea vipele vidogo sana shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo. Watoto wachanga huteseka zaidi kwa sababu tunawafunika mablanketi na kuwapaka mafuta mazito kwa upendo, na mafuta hayo ndiyo yanayoziba mirija. Mvue nguo, mwogeshe kwa maji ya kawaida, mvalishe pamba nyepesi, punguza mafuta. Siku mbili tatu zinatosha.

Mabaka ya mzio huvimba, huwasha na huhama: lililokuwa tumboni asubuhi limepotea, jingine limetokea pajani. Baka moja kwa kawaida halidumu zaidi ya saa 24. Kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi vya mafua, kwa hiyo usiharakishe kumnyima mtoto mayai, samaki au karanga maisha yake yote kwa sababu ya mabaka ya siku moja. Lishe ni kinga pia.

Upele unaotokana na vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi huwasha zaidi usiku, na hupenda katikati ya vidole, viwiko, kiunoni na matakoni. Kwa watoto wachanga hufika hata viganjani, kwenye nyayo na kichwani. Familia nyingi hushindwa kuumaliza kwa sababu moja. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenzake. Anatibiwa mtoto anayejikuna, kaka yake anayelala naye kitanda kimoja anaachwa, na baada ya mwezi upele umerudi. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, matandiko na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyohiyo. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa, na hiyo si sababu ya kupaka dawa kila siku.

Kujikuna hufungua mlango kwa bakteria. Vipele vikianza kutoa majimaji na kufunikwa na magaga yenye rangi ya asali, hasa puani na mdomoni, mtoto anahitaji dawa ya bakteria. Aina fulani ya bakteria hao inaweza kudhuru figo wiki kadhaa baadaye. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi kisha akaamka na uso uliovimba na mkojo wa rangi ya chai nyeusi apelekwe hospitali siku hiyo.

Baada ya mvua kubwa huja pia mdudu mwembamba mwenye mapingili meusi na ya rangi ya chungwa, ambaye Wakenya humwita Nairobi fly. Hang'ati. Sumu imo ndani ya mwili wake, na anapopondwa juu ya ngozi huacha mstari unaoungua na kutoka malengelenge siku moja au mbili baadaye. Ukimwona juu ya mtoto mpulize au mpangushe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkubwa wa ugonjwa huu Kenya.

Hatari iliyomo kwenye tyubu

Sasa turudi kwa yule muuzaji wa duka la dawa. Krimu nyingi zinazouzwa bila cheti zimechanganya vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali. Zinapendwa kwa sababu steroidi hutuliza mwasho ndani ya siku moja au mbili, na mzazi huamini dawa imefanya kazi. Ukweli ni kwamba steroidi huinyamazisha ngozi isilalamike. Vijidudu vya upele vinaendelea kuzaana, fangasi wanaenea chini kwa chini, na vipele vikirudi vinakuwa na sura ambayo hata daktari anapata shida kuitambua. Ikipakwa usoni au chini ya nepi kwa wiki nyingi, krimu hiyo hukondesha ngozi ya mtoto na kuacha mistari isiyofutika, na inaweza kupenya hadi kwenye damu na kuathiri ukuaji wake.

Sisemi steroidi ni dawa mbaya. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, steroidi ya nguvu inayofaa, kwa siku zilizopangwa na daktari, huleta nafuu kubwa. Ubaya ni kuipaka bila kujua unatibu nini. Na yapo mengine yasiyopaswa kugusa ngozi ya mtoto hata mara moja: mafuta ya taa, dawa ya meno, maji ya betri, pombe ya kienyeji, dawa ya kuua viini isiyochanganywa na maji, na krimu za kung'arisha ngozi za mama. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kinachopakwa juu yake huingia ndani kwa wepesi.

Siku ya kwanza nyumbani

Ikiwa mtoto anacheza, ananyonya au kula, anapumua vizuri, na hana hata dalili moja ya hatari, anaweza kuangaliwa nyumbani. Mwogeshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Imani kwamba mtoto mwenye vipele asiguswe na maji huacha uchafu ukaribishe usaha. Kata kucha zake. Mvalishe nguo laini zisizobana. Losheni ya kalamini hutuliza mwasho wa tetekuwanga na wa kuumwa na wadudu. Endelea kumnyonyesha na kumpa uji, supu na maji mara kwa mara.

Akiwa na joto linalomsumbua, mpe parasetamoli kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, angalau saa 4 hadi 6 zikipita kati ya dozi na dozi, na isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 atapata miligramu 100 hadi 150. Soma chupa kwa makini, maana dawa za maji hutofautiana nguvu. Kama alianza kutumia dawa mpya siku au wiki chache zilizopita, iandike jina na mwambie daktari.

Mkague tena kila baada ya saa chache, usiku ukiwemo. Mpeleke kituo cha afya akipata homa, ili apimwe malaria, vipele vikianza kuuma au kutoa usaha, akikataa kula, au wewe mwenyewe ukihisi hayuko sawa ingawa huwezi kueleza ni nini. Mama anayesema "mwanangu hayuko kama kawaida yake" ametoa dalili ya kitabibu, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kumsikiliza.

Nimalizie na jambo lililo mikononi mwa kila mzazi leo. Ugonjwa mmoja kati ya yote haya, ule unaopofusha na kuua, una chanjo inayotolewa bure. Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua na rubela mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anatembea, hana ugonjwa, na mama amerudi kazini. Lakini ili surua isipate nafasi ya kuenea, watoto wapatao 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili. Fungua kadi ya kliniki ya mwanao leo jioni. Ukikuta nafasi ya miezi 18 iko wazi na umri umefika au umepita, mpeleke kliniki wiki hii. Hajachelewa.